Mambo (dansi)

Mambo ni jina la aina ya muziki na la dansi yake, vilivyoanzia nchini Kuba kati ya mwisho wa miaka ya 1930 na miaka ya 1940, kisha vikaenea Mexico, Marekani na sehemu nyingi za dunia. Muziki huo huhesabiwa katika kundi la dansi za Kilatini, lakini jina lake si la Kihispania. Limetokana na lugha ya Kikongo, ambayo husemwa karibu na mdomo wa mto Kongo, katika nchi za leo za Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Kongo. Lilifika Kuba vinywani mwa watu waliouzwa utumwani.

Msomaji wa Kiswahili akilikuta neno hili hudhani amekutana na mali yake. Kwa sababu hiyo husikika madai mawili: kwamba Wakuba walilichukua katika Kiswahili, au kwamba salamu ya vijana "mambo" imetoka katika dansi. Madai yote mawili si sahihi. Hata hivyo kufanana kwa maneno hayo si jambo la bahati. Mambo ya Kiswahili na mambo ya Kuba ni ndugu: yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kibantu cha kale, kila moja likapita njia yake.

Matumizi mengine ya neno

Jina hili lisichanganywe na Mambo, cheo cha wafalme wa Warozwi katika Zimbabwe ya kale, wala na manbo, jina la kuhani wa kike katika dini ya Vodou ya Haiti. Haya huandikwa au kutamkwa karibu sawa, lakini kila moja lina historia yake.

Neno katika Kikongo na katika Kiswahili

Katika Kikongo neno, shauri au habari huitwa diambu, na wingi wake ni mambu. Katika Kiswahili ni jambo, na wingi ni mambo. Maana zinalingana, na sarufi pia inalingana: maneno yote mawili yamo katika ngeli ileile, ambayo wingi wake huanza na ma-. Kikongo husema disu kwa jicho na meso kwa macho, dinu kwa jino na meno kwa meno. Kwa hiyo mahali Kiswahili kilipoweka ji- katika umoja, Kikongo mara nyingi kina di-, na katika wingi lugha zote mbili hukutana kwenye ma-. Namna ya kutamka hubadilika kidogo kutoka lahaja moja ya Kikongo hadi nyingine.

Mzizi wa neno ni kitenzi cha kale chenye maana ya kusema, ambacho wataalamu wa lugha za Kibantu hukiandika -gamb-. Katika Kiswahili sauti g ya mwanzo imedondoka na kitenzi kimekuwa -amba. Siku hizi -amba hakisikiki sana peke yake, isipokuwa kwa maana ya kumsema mtu vibaya, lakini watoto wake wako kila mahali: ambia, kwamba, ambaye, ambacho. Jambo ni kitu kinachosemwa, yaani neno, na kutoka hapo maana ikapanuka hadi kuwa shauri, tukio au tatizo.

Kwa wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria g hiyo si ya kutafutwa vitabuni. Kiganda husema okugamba kwa kusema na ekigambo kwa neno. Abiria anayevuka kwa meli kutoka Mwanza hadi Bukoba hukutana na maneno hayohayo katika Kihaya. Kitenzi cha kwenda kinaonyesha mabadiliko ya namna hiyohiyo: Kiganda ni -genda, Kiswahili ni -enda. Ushahidi mzuri kuliko yote upo katika Kinyarwanda, ambako neno ni ijambo, lakini maneno ni amagambo. Umoja unafanana na wa Kiswahili, na wingi umeihifadhi g ya kale, yote katika neno moja.

Si kila lugha ya Kibantu imeutunza mzizi huu kwa kazi hiyo. Kisukuma, lugha ya wenyeji wengi wa Mwanza, hutumia mhayo kwa neno au shauri, na salamu zake, kama mwangaluka ya asubuhi, zimejengwa kwa mizizi mingine kabisa. Hii ndiyo sababu mtu hawezi kusema tu kwamba "Waafrika wote husema mambo". Ni lazima ionyeshwe ni Waafrika gani, na walifikaje Kuba.

Safari ya kwenda Kuba

Biashara ya watumwa ya Atlantiki iliwatoa barani Afrika watu takriban milioni 12.5 kati ya karne ya 16 na ya 19. Zaidi ya milioni 5 kati yao walipakiwa katika bandari za pwani ya Kongo na Angola. Kuba iliingia kwa nguvu katika biashara hiyo kwa kuchelewa, mashamba ya miwa yalipopanuka kuanzia mwisho wa karne ya 18, na utumwa haukukomeshwa kisiwani humo mpaka mwaka 1886. Kuchelewa huko kuna maana kubwa kwa historia ya lugha. Mwanzoni mwa karne ya 20 bado walikuwapo Kuba wazee waliozaliwa Afrika, na wajukuu wao walikua wakisikia maneno ya Kiafrika nyumbani, si kwa kuyasoma.

Waliotoka upande wa mto Kongo waliitwa kwa Kihispania congos. Waliunda vyama vyao vya kusaidiana, wakaendeleza ngoma zao kama yuka na makuta, na dini yao ikachukua sura mpya iitwayo Palo. Msamiati wa Palo unaeleweka nusu nusu kwa msemaji yeyote wa Kiswahili. Nganga, kwa mfano, ni ndugu wa mganga. Kikongo humwita nganga mtu mwenyewe, ila Kuba jina limehamia kwenye chungu kinachowekwa vitu vya uganga. Nyimbo za ibada hiyo huitwa mambo. Fernando Ortiz (1881–1969) na Lydia Cabrera (1899–1991), wote Wakuba, walitumia sehemu kubwa ya maisha yao kukusanya maneno na desturi za namna hii kabla hazijapotea.

Wapo pia waliotoka Afrika ya Mashariki. Katika karne ya 19 meli zilileta Kuba watu kutoka pwani ya Msumbiji, nao waliitwa macuá, yaani Wamakua. Wanaotaka neno mambo liwe la Kiswahili wangeweza kushika hapa. Lakini neno hilo Kuba halikutokea miongoni mwa Wamakua. Limetokea katika nyimbo za Wakongo, likiwa limezungukwa na maneno mengine ya Kikongo.

Inabaki irabu ya mwisho. Kikongo kina mambu, Kuba wanasema mambo, na kwa sura hiyo neno la Kuba linaonekana kukaa karibu zaidi na Kiswahili. Maelezo yake ni mepesi. Katika Kihispania ni nadra neno kuishia kwa u isiyo na mkazo, wakati maneno yanayoishia kwa o ni maelfu. Neno geni likiingia katika lugha huvishwa nguo za wenyeji, kama Kiswahili kilivyomfanya school kuwa skuli na book kuwa buku.

Maana inayotiwa chumvi

Katika maandishi mengi kuhusu dansi hii huelezwa kwamba mambo maana yake ni "mazungumzo na miungu". Tafsiri hiyo hunakiliwa kutoka chapisho moja hadi jingine, nayo inapaswa kupunguzwa. Neno lenyewe, katika Kikongo kama katika Kiswahili, ni la kawaida kabisa: maneno, habari, mashauri. Mtu anaweza kuwa na mambu ya ndoa, ya shamba au ya deni. Katika Kikongo cha kila siku diambu ve ni "hakuna tatizo", msemo ulio karibu sana na sijambo ya Kiswahili, ambayo nayo ni kukana kuwa na jambo. Utakatifu ulikuja Kuba, neno lilipotumika kutaja nyimbo zinazoimbwa mbele ya nganga. Nyimbo hizo kweli zilikuwa maneno ya kuwaambia wafu na roho, lakini hayo ni matumizi ya neno mahali fulani, si maana yake ya asili.

Kutoka wimbo hadi dansi

Mwaka 1938 Orestes López (1908–1991), mwanamuziki wa Havana, alitunga kipande akakiita Mambo. Alikuwa katika bendi ya mpiga filimbi Antonio Arcaño pamoja na mdogo wake Israel López (1918–2008), mpiga besi aliyejulikana zaidi kwa jina la Cachao. Bendi hiyo ilipiga danzón, muziki wa fidla na filimbi wa kumbi za watu wenye heshima zao. Ndugu hao wawili walichukua sehemu ya mwisho ya danzón wakailegeza: mapigo yakawa ya kurudiarudia, na wapigaji wakaachiwa nafasi ya kubuni. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa mambo.

Mtu wa pili anayetajwa ni Arsenio Rodríguez (1911–1970), kipofu na bingwa wa tres, gitaa dogo la Kuba. Babu yake alikuwa Mkongo, na yeye alizijua nyimbo za Palo tangu utotoni. Katika bendi yake aliongeza tarumbeta na ngoma ya conga, na mwishoni mwa nyimbo aliweka sehemu ya moto ambayo yeye aliiita diablo, yaani shetani. Arsenio alishikilia mpaka mwisho kwamba mambo ilitoka kwake, na kwake yeye asili ya Kikongo ya jina haikuwa nadharia bali habari ya nyumbani.

Aliyeipeleka duniani ni wa tatu. Dámaso Pérez Prado (1916–1989), mpiga piano kutoka Matanzas, alihamia Mexico mwishoni mwa miaka ya 1940. Aliziacha fidla, akapanga tarumbeta na saksofoni kwa wingi zikijibizana kwa kelele, na katikati yake akawa anatoa miguno yake maarufu. Mwaka 1949 alirekodi Qué rico el mambo na Mambo No. 5, na kutoka hapo jina likawa la dansi ya kujitegemea. Ubishi wa nani mwanzilishi haujaisha mpaka leo, kwa sehemu kwa sababu watu hao watatu walilitumia neno moja kwa vitu vitatu: wa kwanza kwa sehemu ya wimbo, wa pili kwa urithi wa ukoo, wa tatu kwa mtindo mzima wa bendi kubwa.

Katika miaka ya 1950 makao ya mambo yalikuwa New York, katika ukumbi wa Palladium. Huko walipiga Machito, Tito Puente na Tito Rodríguez, na wachezaji weusi, weupe na Walatini walichanganyika sakafuni wakati ambapo kumbi nyingi za Marekani ziliwatenga. Kiufundi, ugumu wa dansi hii kwa anayejifunza ni kwamba hatua kuu haiangukii pigo la kwanza bali la pili kati ya manne. Wengi ilikuwa inawashinda. Mwanamuziki Enrique Jorrín wa Havana alipotoa muziki wa polepole zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1950, umati ulihamia huko, na muziki huo ndio chachacha.

Mambo na Afrika ya Mashariki

Muziki wa Kuba ulifika Afrika ya Mashariki kwa santuri. Kampuni ya His Master's Voice, ileile iliyomrekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928, ilianza mwaka 1933 kuuza Afrika mfululizo wa santuri wenye alama GV, zilizojaa nyimbo za Kuba. Miongoni mwake ulikuwamo El Manisero, wimbo uliorekodiwa New York mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazú. Wasikilizaji hawakujua Kihispania, lakini mapigo waliyatambua upesi.

Tanganyika, mfuasi mkubwa wa mtindo huo alikuwa Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1965. Bendi yake ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa jina la La Paloma, yaani njiwa, kisha ikaitwa Cuban Marimba Band. Jina hilo la pili lina kichekesho chake cha historia. Cuban lilitakiwa kuonyesha kitu cha ng'ambo, na marimba linasikika kuwa la hapahapa. Kumbe marimba nalo ni neno la Kibantu lililovuka Atlantiki na watumwa, na kwa miaka mingi limekuwa neno la kawaida la Kihispania.

Pamoja na hayo, mambo kama jina la dansi halikushika mizizi katika kumbi za Tanzania. Yaliyoshika ni rumba na chacha. Mwaka 1960 Joseph Kabasele na bendi ya African Jazz walipotunga wimbo wa kusherehekea uhuru wa Kongo waliuita Indépendance Cha Cha. Bendi za Tanzania nazo zilijitungia majina ya mitindo yao wenyewe, kama Msondo na Sikinde.

Mambo ilirudi masikioni mwa vijana mwaka 1999, Lou Bega alipotoa upya Mambo No. 5 ya Pérez Prado na kuiongezea maneno. Wengi walimdhania kuwa Mkuba. Lou Bega, ambaye jina lake ni David Lubega, alizaliwa München, Ujerumani, mwaka 1975, mama yake akitoka Sicilia na baba yake Uganda. Kwa hiyo neno la Kikongo lililotangazwa dunia nzima na Mkuba aliyeishi Mexico lilitangazwa tena na mtu ambaye lugha ya upande wa baba yake bado ina okugamba.

Salamu "mambo"

Salamu ya vijana wa Tanzania na Kenya haina uhusiano na dansi. Ni kifupisho cha "mambo vipi?", swali la kawaida la Kiswahili. Jambo na mambo yamo katika kamusi ya Kiswahili ya Ludwig Krapf iliyochapishwa mwaka 1882. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, miaka 15 kabla Orestes López hajatunga kipande chake. Asiyeamini na aangalie majina ya wizara: mambo ya ndani na mambo ya nje hayachezwi ukumbini.

Matumizi ya salamu hii yana mipaka. Katika kituo cha daladala cha Mkuyuni, Mwanza, kondakta na abiria wa rika lake wataulizana "mambo" na kujibizana "poa", lakini kondakta huyohuyo akimpokea mama mtu mzima humwamkia shikamoo, na kijana anayemwambia babu yake "mambo" huhesabiwa hana adabu. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa haraka hukosea hapa mara nyingi, maana vitabu vya watalii humpa salamu bila kumpa umri wa wanaosalimiana.

Maneno mengine ya dansi za Kilatini

Si kila jina la dansi lina ushahidi kama wa mambo, na kufanana peke yake hakutoshi. Kata ya Kiswahili na cut ya Kiingereza zinafanana kwa sauti na kwa maana, wala hazina undugu wowote. Kwa mambo vitu vinne vinakutana: sauti, maana, ngeli, na watu wanaojulikana walikotoka.

Samba ya Brazili huunganishwa na semba ya Kimbundu cha Angola, ngoma ambayo wachezaji hugusana matumbo. Salsa ni Kihispania kwa mchuzi. Chachacha inaiga mlio wa miguu ikiburura sakafuni. Rumba ndiyo yenye mabishano. Kinshasa na Brazzaville hupenda kuitoa katika nkumba, neno la Kikongo la kitovu, kwa kuwa ipo ngoma ya zamani ya wachezaji kukutanisha vitovu. Wengine huitoa katika Kihispania, ambako rumbo ni mwelekeo au mbwembwe. Hoja ya kitovu inapendeza, lakini hailezi jinsi nk- ilivyogeuka r-, na mpaka hilo lielezwe haiwezi kuwekwa daraja moja na mambo. UNESCO iliiandikisha rumba ya Kuba katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016, na rumba ya Kongo mwaka 2021.